Kabla ya kuainisha fankisheni ya vigeu viwili: mambo ya kuzingatia

Mwanafunzi anayetoka kwenye kalkulasi ya kigeu kimoja huwa na pupa. Akiona f(x, y) anakimbilia derivativu, yaani kasi ya kubadilika kwa fankisheni, anazilinganisha na sifuri, anatumia kanuni ya derivativu za pili, ile ya kutambua kilele, bonde au tandiko, anaandika jibu. Anaweza kupatia hesabu yote na bado akahitimisha vibaya, kwa sababu kuna maswali ambayo kanuni hiyo haiyaulizi. Ni yeye anayepaswa kuyauliza, na mapema.

Anza na eneo ambamo fankisheni ina maana. Logi ya (x − y) inataka x iwe kubwa kuliko y. Kipeuo cha pili cha 4 − x² − y² kinaishia kwenye duara lenye nusukipenyo 2 kutoka (0, 0). Hapo kuna jambo la kuangalia: thamani ndogo kabisa ya fankisheni hiyo, yaani 0, iko kwenye ukingo wa duara, na kutafuta mahali ambapo derivativu ni sifuri hakutakufikisha huko. Ukiona eneo lina mpaka, panga kabisa kwamba mpaka utachunguzwa peke yake.

Halafu tafuta ni kipi hasa kinachoikunja fankisheni. Wengi hutazama vipeo tu: wakiona x² wanashtuka, wakiona xy wanapita. Lakini xy haina utulivu wowote. Shikilia y mahali pamoja, x inakwenda kwa mstari mnyoofu. Shikilia x, y nayo vivyo hivyo. Viachie vyote viwili vibadilike pamoja, unyoofu unatoweka: kwenye mstari y = x unapata x², unaopanda pande zote, na kwenye y = −x unapata −x², unaoshuka pande zote. Kwa hiyo usiridhike kuchungulia kigeu kimoja kimoja. Vigeu vikizidishana, ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi.

Kuna mikunjo inayonyooka ukibadilisha vipimo. Mwaka 1928 Charles Cobb na Paul Douglas walieleza uzalishaji wa viwanda vya Marekani kwa kuzidisha nguvukazi yenye kipeo fulani na mtaji wenye kipeo kingine. Chukua logi pande zote mbili, kuzidisha kunakuwa kujumlisha na vipeo vinakuwa vizidishi vya kawaida. Sharti ni kwamba nguvukazi na mtaji viwe chanya, ndiyo maana nikaanza na eneo.

Hakikisha pia fankisheni haikatiki. Chukua xy gawanya kwa x² + y², na kwenye (0, 0) iipe thamani 0. Ukiikaribia nukta hiyo kwa mhimili wa x unaona 0 njia nzima; ukija kwa mstari y = x unaona 1/2 njia nzima. Derivativu zake mbili zipo pale, zote sifuri, na bado fankisheni imekatika. Kwa kigeu kimoja jambo hili halitokei, ndiyo maana linawanasa hata wanafunzi wazuri.

Kabla ya hesabu, chora kontua, yaani mistari inayounganisha nukta zenye thamani sawa, japo kwa mkono. Aliyesoma ramani ya Kilimanjaro tayari anajua kuzisoma: Kibo, mita 5,895, na Mawenzi, mita 5,149, kila kimoja kimezungukwa na mistari inayojifunga. Kati yake kuna uwanda ambao wapandaji huuita Saddle, yaani tandiko. Ukitoka Mawenzi kwenda Kibo unashuka hadi pale kisha unapanda; ukikata kwenda kaskazini au kusini, unashuka pande zote. Nukta ya tandiko kwenye fankisheni ni hiyo hiyo, wala si kilele wala si bonde.

Sasa hesabu. Chukua x³ + y³ − 3xy. Derivativu ni 3x² − 3y na 3y² − 3x. Zikiwa sifuri zote mbili, zinabaki nukta (0, 0) na (1, 1). Kipimo kinachotokana na matriki ya Hesse, jedwali la derivativu za pili lenye jina la Mjerumani Otto Hesse wa karne ya 19, kinasema: zidisha derivativu mbili za pili, ya x na ya y, kisha toa mraba wa ile ya mchanganyiko, inayochukuliwa kwa x kwanza kisha kwa y. Hapa ni 36xy − 9. Kwenye (0, 0) ni −9, hivyo ni tandiko. Kwenye (1, 1) ni 27, na derivativu ya pili ya x ni 6, chanya, hivyo ni bonde, lenye thamani −1. Je, −1 ndiyo ndogo kuliko zote? Weka x = −10 na y = 0, utapata −1,000. Kipimo kimeongea ukweli, ila kuhusu ujirani wa (1, 1) tu. Ukitaka kauli juu ya eneo zima, jua kwanza fankisheni inaelekea wapi vigeu vinapokua mno, au kama inajikunja kwenda juu kote, mfano wa bakuli, kama x² + y², ambapo bonde likipatikana ndilo la chini kabisa.

Jiandae mwisho kwa siku ambayo kipimo kitatoa sifuri. x² + y⁴ na x² − y⁴ zote zinatoa sifuri kwenye (0, 0). Ya kwanza ina bonde, ya pili ina tandiko. Wengi hujaribu kujinasua kwa kupima kwenye mistari minyoofu inayopita hapo. Haitoshi. Kwenye (y − x²)(y − 3x²), kila mstari mnyoofu unaopitia (0, 0) unaonyesha bonde. Fuata mkunjo y = 2x² badala yake: unapata x² mara −x², yaani −x⁴, hasi kila mahali isipokuwa sifuri yenyewe. Mitego ya namna hii ilionyeshwa na Mwitaliano Giuseppe Peano katika karne ya 19. Ukifika hapo, weka kanuni kando, igawe fankisheni katika vizidishi vyake, na ukague alama ya kila kipande kati ya mikunjo inayoifanya kuwa sifuri.