Ukishajidunga Melanotani II: Namna ya Kujikagua

Melanotani II, dawa ambayo watu hujidunga ili ngozi ikolee rangi, ni peptidi (kitu kama kipande kifupi cha protini) iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, kwa kuigiza homoni inayoiamuru ngozi itengeneze melanini, yaani kinachoipa weusi wake. Ubaya wake ni kwamba haiishii kwenye ngozi. Hushika pia vipokezi vya ubongo vinavyotawala njaa na ashiki, ndiyo maana aliyetaka rangi tu hujikuta na kichefuchefu, uso umemwiva, akipiga miayo na kujinyoosha mfululizo, na mwanamume akisimamisha bila kutaka.

Usiichanganye na ndugu zake wawili. Afamelanotidi iliidhinishwa Ulaya mwaka 2014 kwa wagonjwa wachache ambao mwanga huwaunguza vikali, na bremelanotidi iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wanawake ambao bado hawajafikia ukomo wa hedhi, waliopungukiwa na hamu ya tendo la ndoa. Melanotani II haina idhini ya namna hiyo, kwa hiyo kichupa cha unga mweupe kinachouzwa mtandaoni hakina anayekithibitishia kilichomo wala usafi wake. Ushauri wangu ni kutoigusa, hata ikiwa ya kupuliza puani.

Ikiwa umekwisha kuitumia, acha, kisha ukague ngozi yote, pamoja na mgongo, nyayo na kichwani. Piga picha ya kila doa jeusi ukiliwekea rula kando, na urudie baada ya mwezi katika mwanga uleule. Hapa pana mtego: kwa kuwa dawa hukoleza madoa yote na huweza kuzusha mapya, weusi peke yake haukuambii kitu. Tafuta lile lisilofanana na wenzake, lenye kingo zisizo sawa, rangi mchanganyiko au upana unaozidi milimita 6, na umwonyeshe daktari wa ngozi bila kungoja mwezi wa pili. Wapo watumiaji waliogunduliwa kuwa na melanoma (saratani hatari ya ngozi), ingawa haijathibitishwa kwamba dawa ndiyo iliyoisababisha.

Uume ukisimama kwa zaidi ya saa 4, au misuli ikiuma na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwani kuona haya kunaweza kukugharimu uume au figo. Mtajie daktari dawa yenyewe, kiasi na siku ulizojidunga, na umpelekee kichupa hata kikiwa kitupu.