Somo: Kulinda matairi ya gari la spoti linalokaa miezi bila kutoka

Nairobi hakuna theluji ya kulazimisha gari kulala ndani, ila magari ya spoti hulala tu: mwenyewe kasafiri, au mvua za Machi hadi Mei zimechimba mashimo na bampa ya mbele haivumilii. Baridi yetu ya Julai haiui tairi. Kinachoua ni uzito wa gari kukalia sehemu ileile huku upepo ukipungua. Matairi yenye ubavu mfupi, 35 au 30 (urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana wa tairi), hufanya bapa upesi, yaani sehemu inayokaliwa hubaki imelala.

1. Osha kwa maji na sabuni, ndani ya rimu pia, uache yakauke kabisa. Usipake dawa ya kung'arisha. Mpira una nta yake ambayo hutoka juu polepole kuzuia nyufa, na dawa nyingi za mafuta huiondoa. Weusi ule wa kumeremeta ni wa kuuzia gari.

2. Upepo. Kibandiko cha mlangoni kikisema 32 psi, jaza 40 hadi 42, bila kupita kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni (mara nyingi 44 au 51). Pima asubuhi kabla gari halijaota jua: joto likishuka nyuzi 5 au 6, karibu psi 1 huenda, kwa hiyo kipimo cha saa nane mchana kitakudanganya. Hata tairi zima hupoteza psi 1 hadi 2 kwa mwezi.

3. Tandika plaiwudi au kapeti nene. Oili na petroli sakafuni hulainisha mpira. Weka gea ya kwanza (otomatiki: P), zuia magurudumu kwa kabari, handibreki iachie. Padi zikikaa zimebana, hugandana na diski.

4. Kila wiki mbili sogeza gari robo mzunguko wa gurudumu. Chora alama ya chaki ubavuni, ndiyo utajua limesogea kweli.

5. Zaidi ya miezi mitatu? Tumia stendi nne, kamwe si jeki peke yake, maana hushuka. Kama kitabu cha gari kinaruhusu, ziweke chini ya lowa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu). Ukiinua chasisi, magurudumu huning'inia na bushi (mipira ya maungio ya mikono hiyo) hujipinda. Hapo rudisha upepo wa kibandiko, yaani 32 kwa mfano wetu.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, jirani anachomelea mageti karibu na gari. Kuna shida?
Jibu: Ipo. Cheche za umeme hutoa ozoni, nayo hupasua mpira. Hamisha gari, au vua matairi uyafunge kwenye mifuko myeusi ya plastiki, hewa ikiwa imetolewa. Yenye rimu yalaze moja juu ya jingine. Yasiyo na rimu yasimamishe.

Swali: Limekaa, sasa usukani unatetemeka nikifika 80. Nifanye balansi?
Jibu: Bado. Balansi hurekebisha uzito, haiondoi bapa. Rudisha upepo wa kibandiko, kisha endesha kilomita 20 hadi 30 kwa mwendo wa wastani, Thika Road inafaa, matairi yapate joto. Bapa likibaki baada ya safari mbili tatu, nyuzi za ndani zimeshakaa vibaya. Nunua mapya.

Swali: Meno bado marefu ila kuna nyufa ubavuni.
Jibu: Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyoandikwa ubavuni: 2318 ni wiki ya 23, mwaka 2018. Lakini ukucha ukiingia kwenye ufa, usiangalie tarehe wala meno, toa tairi hilo.