Taa za jioni kwa mzee mwenye usahaulifu: namna ya kuzipanga

Saa ngumu ya Mama ni magharibi. Giza likianza kuingia na vivuli kurefuka ukutani, huulizia watu waliokwisha kufariki, anataka arudishwe kwao. Wanaouguza wazee wenye ugonjwa wa usahaulifu wanaijua hali hii. Taa zinazobadilika zenyewe kwa kufuata saa na mwendo wa mzee zinaweza kusaidia.

Tafuta balbu janja zinazobadili rangi ya mwanga, toka kelvini 2,700 (manjano) hadi 6,500 (mweupe kama mchana), pamoja na sensa mbili za mwendo, yaani vifaa vidogo vinavyohisi mtu akipita. Chukua za Zigbee, aina ya mawasiliano yasiyotumia waya kati ya vifaa vya nyumbani, maana hizo huwasiliana humo humo ndani hata bando likiisha. Mimi naziendesha kwa Home Assistant, programu ya bure ya kuongoza vifaa vya nyumbani, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi.

Usipunguze mwanga mapema ukidhani ndiyo utulivu. Hapa Tanga nimepanga taa zote ziwake saa 11 jioni, nyeupe, jua lingali juu, na mapazia yanafungwa ili Mama asione sura yake kwenye kioo cha dirisha akadhani kuna mgeni nje. Baada ya Isha mwanga unashuka polepole hadi manjano, kwa sababu mwanga wenye buluu nyingi huchelewesha melatonini, homoni ya usingizi.

Sensa moja iwe chini ya kitanda: akishusha miguu usiku, njia ya chooni inawaka kwa asilimia 10. Nyingine iwe ukumbini. Akipita na kurudi mara kadhaa ndani ya dakika chache, spika inaanza taarab ya zamani kwa sauti ya chini, nami napata ujumbe kwenye simu. Ujumbe huo ni wa kuniita nikakae naye. Muziki peke yake hautoshi.

Sasa umeme. Ukikatika na kurudi saa 8 usiku, balbu nyingi huwaka zenyewe kwa nguvu zote. Mzee anaamka, anajua kumekucha, anatafuta kanga aende sokoni. Ingia kwenye mipangilio ya kila balbu, chagua irudie hali ya mwisho umeme unaporudi, kisha zima swichi kuu ujaribu.

Swichi za ukutani zifunike, maana zikizimwa balbu haipokei amri. Lakini bandika kitufe kisichotumia waya pale pale mkono wake ulipozoea kupapasa, awashe na kuzima mwenyewe apendavyo.