Rina Asali Bila Kuunguza Erika: Ushauri kwa Wafugaji Nyuki wa Kilimanjaro

Ukipita msitu wa mvua, kwenye mita 3,000 hivi, miti mikubwa inaisha na erika inatawala. Ni kichaka cha kijani mwaka mzima, chenye majani membamba kama sindano na vijiua vya umbo la kengele. Ukungu ukipita, matone hunasa kwenye majani hayo na kudondoka chini. Ni sehemu ya maji unayoyategemea kwenye mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachagga.

Erika huwaka hata ikiwa mbichi. Moto wa Oktoba 2020, na mwingine wa Oktoba 2022, uliteketeza eneo kubwa la vichaka hivyo. Huchipua tena shinani, ila moto ukirudi mara kwa mara haikui. Inabaki fupi, na ukungu unapita bila kunaswa. Moto mwingi mlimani huwashwa na watu, na warina asali wenye vienge (mienge ya nyasi au majani makavu) wamo.

Kwa hiyo acha kienge, tumia bomba la moshi, kile kifaa cha mkono cha kupulizia nyuki moshi. Weka magunzi au maranda makavu, washa kutoka chini, kisha piga pampu yake mpaka moshi utoke mweupe. Upulizie kwenye kiganja: ukikuunguza, nyuki nao wataungua, basi juu ya magunzi ongeza majani mabichi. Puliza mara mbili tatu mlangoni, subiri kidogo, ndipo ufungue. Moshi ukizidi, asali inanuka na mnunuzi anapunguza bei (ana haki). Ukimaliza, ziba mdomo wa bomba kwa nyasi mbichi na urudi nalo nyumbani. Usimwage makaa porini hata ukiyaona yamezima. Kwenye mboji nene moto hutembea chini kwa chini na kuibukia mbali.

Mizinga yenyewe iwe kihambani, yaani kwenye shamba lako la nyumbani. Tangu 2005 msitu wa juu umo ndani ya hifadhi ya taifa, na kurina asali humo ni kosa. Kahawa, parachichi na mgrivea (mti wa kivuli, Grevillea) huwapa nyuki chakula cha kutosha.

Wapo wanaotaka kuhamishia erika kihambani. Sioni faida: mbegu zake ni ndogo kama vumbi, miche hukua polepole, nayo hupenda baridi na udongo wenye tindikali. Nafasi hiyo panda mgrivea, utapata na kuni.