Kuchagua saizi ya tairi kwa pikipiki ya zamani: anza na rimu

Tairi unalolikuta kwenye pikipiki ya zamani si lazima liwe saizi yake. Limeshabadilishwa mara kadhaa, na huenda fundi aliweka lililokuwepo dukani siku hiyo. Usinakili namba zake ukaenda kununua jingine kama hilo.

1. Tafuta saizi ya kiwandani. Angalia stika kwenye boksi la cheni au kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, au soma kitabu cha pikipiki. Stika ikiwa imefutika, rimu yenyewe itakuambia mengi.

2. Soma rimu. Safisha kutu utafute namba zilizogongwa, mfano 1.85x18. Namba ya 18 ni kipenyo kwa inchi, na hiyo haina mjadala: tairi la 17 haliingii rimu ya 18. Namba ya 1.85 ni upana wa ndani, kutoka mdomo mmoja wa rimu hadi mwingine. Kama namba zimekwisha, pima kwa venia (kifaa cha kupimia milimita): milimita 47 ni 1.85, na milimita 55 ni 2.15.

Upana huo ndio unaoamua unene wa tairi (2.75 ni upana wa tairi kwa inchi; kwenye 80/90, 80 ni upana kwa milimita):

- 1.60: 2.75 au 80/90
- 1.85: 2.75, 3.00, 80/90 au 90/90
- 2.15: 3.25, 3.50, 90/90 au 100/90
- 2.50: 100/90 au 110/90

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Watu wanataka tairi nene nyuma kwa sababu linapendeza na wanaamini linashika barabara zaidi. Tairi la 110/90 kwenye rimu ya 1.85 linabanwa miguuni (kingo zinazokaa kwenye rimu), mgongo wake unachongoka, na sehemu inayogusa lami inapungua. Katikati huwa kipara mapema huku pembeni kashata (vinundu vya tairi) bado nzima, na kwenye kona pikipiki inalala ghafla. Umelipa zaidi ukapata kidogo.

3. Linganisha vipenyo. Tairi za inchi za zamani, kama 3.00-18, zina ubavu wenye urefu unaokaribia upana wake. Za milimita, kama 90/90-18, namba ya pili ni asilimia: ubavu ni asilimia 90 ya milimita 90, yaani 81. Hesabu ni hii: ubavu mara mbili, jumlisha rimu (inchi 18 mara 25.4 ni milimita 457).

- 3.00-18: 76 + 76 + 457 = 609
- 90/90-18: 81 + 81 + 457 = 619

Tofauti haifiki asilimia 2, na kwa vipimo halisi huwa ndogo zaidi, maana tairi za inchi kwa kawaida huzidi kidogo hesabu hii. Kwa hiyo 90/90-18 ni badala halali ya 3.00-18 kwenye pikipiki za umbo la Honda CG125. Kwa 2.75-18 ya mbele, tumia 80/90-18.

Jihadhari na 4.10-18, saizi ya nyuma ya pikipiki za vumbi kama Honda XL125S. Inaonekana kubwa kuliko 4.00-18, kumbe ni fupi, kwa kuwa ubavu wake ni kama asilimia 85 tu ya upana. Badala yake ni 100/90-18, yenye kipenyo cha 637. Ukiweka 4.00 umeongeza zaidi ya milimita 20. Mbele nako, kama waya wa spidomita unatoka kwenye gurudumu, tairi refu litafanya mshale usome chini ya mwendo halisi.

4. Pima nafasi. Sogeza ekseli ya nyuma mbele kabisa, mahali inapokaa cheni ikiwa mpya. Watu wawili wakae juu. Acha angalau milimita 10 kati ya tairi na cheni, madigadi na vyuma vyote. Nafasi iliyotosha cheni ikiwa imelegea inaweza kutoweka siku unayofunga cheni mpya.

5. Soma ubavu kabla ya kulipa. Namba kama 51P: 51 ni uzito wa juu wa kilo 195 kwa tairi hilo, P ni mwendo wa juu wa kilomita 150 kwa saa. Usishuke chini ya zile za kiwandani, hasa kama unabeba abiria na mzigo. Tarakimu nne za tarehe, mfano 2223, ni wiki ya 22 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa dukani miaka mingi hukauka hata kama kashata zinang'aa.

6. Funga. Rimu ya spoku inataka tyubu, hata tairi likiandikwa TL (la kutumika bila tyubu). Nunua tyubu mpya ya saizi hiyohiyo. Ya zamani imeshatanuka, itajikunja ndani na kupasuka kwenye mkunjo. Badilisha na utepe unaofunika vichwa vya spoku. Fuata mshale wa mzunguko. Tumia maji ya sabuni, kamwe usitumie oili chafu, kwani inaozesha mpira. Jaza upepo mpaka mstari mwembamba wa ubavuni uwe sawa na mdomo wa rimu pande zote, kisha punguza hadi kiwango cha kiwandani. Kilomita 150 za kwanza lala kwenye kona taratibu, maana mpira mpya unateleza, halafu kagua tena upepo na mkazo wa spoku.