Kufua kwa mkono Arusha msimu wa baridi, nguo zikauke bila kunuka

Yaani ukihamia Arusha ukitokea Dar kitu cha kwanza kukushangaza ni kamba ya nguo. Dar unaanika jinzi saa nne, saa tisa unaanua, huku mwezi wa sita na wa saba jinzi inakaa kambani siku mbili tatu na kiunoni bado mbichi af inaanza kutoa ule uvundo. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na msimu huo wingu linatanda toka asubuhi, jua likija ni mchana na kuna siku halitoki kabisa. Moshi mjini wako chini zaidi, wana afadhali. Watu wanalaumu jua tu ila kwa ninavyoona mimi kazi kubwa iko kwenye kusuuza na kukamua.

Sabuni ya unga koroga kwanza kwenye maji ya vuguvugu kidogo iyeyuke ndo uongeze ya baridi, maana maji ya bomba ya huku mwezi wa saba yanang'ata mikono na unga unabaki chengachenga. Loweka nusu saa inatosha, kulaza nguo kwenye beseni usiku kucha ndo unaanza kuzinukisha hivyo. Anza na nyeupe, zifuate za rangi, nyeusi na jinzi, soksi za mwisho, hivyo povu moja linafika mbali siku za mgao. Kola na makwapa pitisha sabuni ya mche. Damu ni maji ya baridi tu, ya moto yanaigandisha. Kitenge kipya kifue peke yake.

Suuza mara tatu, maji ya mwisho yakiwa bado yanateleza mkononi rudia.

Sasa kukamua. Shuka na jinzi mkamate wawili, huyu ncha hii yule ncha ile, mnasokota kila mmoja upande wake mpaka tone liishe. Ukiwa peke yako zungusha jinzi kwenye bomba au nguzo ushike ncha zote mbili usokote. Af chukua taulo kavu, tandaza nguo juu yake, kunja kama mkeka na uikanyage kanyage, taulo linafyonza maji ambayo mkono hauwezi kuyatoa, hii imeniokoa sana na yunifomu za shule. Sweta usisokote kabisa, ibonyeze tu na uilaze juu ya khanga, ukiining'iniza na maji yake itavutika.

Anika mapema hata kama kuna wingu, upepo nao unakausha. Jinzi igeuze nje ndani, mifuko ining'inie, zipu wazi. Shati weka kwenye henga. Acha nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo, najua kwenye nyumba ya kupanga kamba ni moja na wapangaji sita, bora ufue kidogo kidogo katikati ya wiki kuliko kurundika Jumamosi. Saa kumi na moja jioni anua, hata mbichi, ingiza ndani umalizie kesho, umande utakurudisha nyuma.

Na tafadhali sana, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga dirisha eti nguo zikauke. Ile hewa ya mkaa haina harufu, unasinzia tu na huamki, baridi hii imeshaua watu hivyo. Acha zikae mbichi.

Zikikauka piga pasi, hasa nguo za ndani, nepi na zilizoanikwa kivulini au kwenye majani, kuna nzi anataga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake anaingia kwenye ngozi kama jipu. Pasi iwe ya moto kweli na pita kwenye mishono na lastiki, huko ndo unyevu unakojificha.