Somo: Misingi ya kisheria ya kuuza mzigo nje, tukifuata kontena la ufuta kutoka Lindi hadi Qingdao

Ndugu wafanyabiashara, somo hili nimemwandikia mtu anayenunua ufuta mnadani Lindi au Mtwara na kumuuzia mnunuzi wa China. Nimechagua ufuta kwa kuwa wengi wenu mnaufahamu. Ukiweka kahawa, korosho au parachichi mahali pake, hatua ni zilezile.

Jambo moja nalishikilia kuliko yote. Mkataba wa kuuziana kati ya nchi mbili lazima usomwe kwa sheria fulani: ama sheria ya nchi moja, ama mkataba wa mataifa ambao nchi hizo zimeuridhia. Usipoichagua wewe, itachaguliwa na hakimu au msuluhishi, tena wakati huo mzigo umeshafika na hela bado.

Hatua ya 1: Mjue unayesaini naye

Kampuni ya China husajiliwa kwa jina la Kichina. Lile jina la Kiingereza lililo kwenye kadi yake ya biashara halina usajili nyuma yake. Omba nakala ya leseni yake, nakili jina la Kichina pamoja na namba ya usajili yenye herufi na tarakimu 18, kisha hakikisha muhuri uliopigwa kwenye mkataba unabeba jina hilohilo. Upande wako, andika jina kama lilivyo BRELA (wakala wa serikali wa kusajili kampuni). Na kama aliyesaini yuko Qingdao lakini malipo yanatoka kampuni ya Hong Kong, uhusiano wao uandikwe ndani ya mkataba, maana siku ya ugomvi kila mmoja atasema hakujui.

Hatua ya 2: Chagua sheria itakayotawala mkataba

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopita mbio.

Mwaka 1980, huko Vienna, ulipitishwa mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuuziana bidhaa kati ya nchi na nchi. Wanasheria wanauita CISG. Ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na leo nchi zaidi ya 90 zimo: China, Marekani, Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi, na kwa majirani zetu Uganda, Burundi, Rwanda, Kongo (DRC) na Zambia. Tanzania na Kenya hazimo. Uingereza na India nazo hazimo.

Muuzaji na mnunuzi wakiwa na biashara zao katika nchi mbili wanachama, CISG inawashika yenyewe hata kama hawajawahi kuisikia, isipokuwa wamekubaliana kuitoa. Na angalia mtego huu: ukiandika tu "sheria ya Ujerumani itatumika", umeileta na CISG ndani yake, kwa kuwa ni sehemu ya sheria ya Ujerumani. Asiyeitaka aseme wazi kwamba haitatumika.

Kwa Mtanzania na Mchina hali ina ukungu. Nchi moja imo, nyingine haimo, na China ilipojiunga iliweka tamko kwamba mahakama zake hazifungwi kuitumia CISG pale ambapo upande mmoja tu unatoka nchi mwanachama. Kwa hiyo usiache pengo. Andika "CISG itatumika" au "CISG haitatumika, itatumika sheria ya nchi fulani".

Uchaguzi huo una uzito wa pesa. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imetokana na sheria ya Uingereza ya 1893. Chini yake, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo isipolingana na maelezo, mnunuzi ana haki ya kuikataa. CISG inataka zaidi: ili avunje mkataba kwa sababu ya ubora, kasoro iwe kubwa kiasi cha kumnyima kile hasa alichokitarajia. Unyevu ukizidi kidogo, atapunguza bei au atadai fidia, ila mzigo ataupokea. Tena ni lazima aukague mapema na akutaarifu kasoro ndani ya muda wa kuridhisha, na kwa vyovyote isizidi miaka miwili tangu akabidhiwe. Kwa anayeuza mazao mbali na nyumbani, mimi naona CISG ni kinga nzuri, maana kontena lililokataliwa Qingdao halina wa kulinunua ila kwa bei ya kutupa.

Mnunuzi akikuletea mkataba wa FOSFA, chama cha London cha biashara ya mbegu za mafuta, elewa kwamba tayari umebeba sheria ya Uingereza, umeitoa CISG, na ugomvi unaamuliwa na wasuluhishi wa chama hicho. Si mkataba mbaya. Ila muda wake wa kudai ni mfupi, usomeni kabla ya kusaini.

Hatua ya 3: Amua mtashtakiana wapi

Swali la kujiuliza ni moja: mali ya mwenzangu iko wapi, na karatasi gani itanifikisha kwenye mali hiyo?

Hukumu ya mahakama ya nchi moja kwa kawaida haitekelezwi moja kwa moja nchi nyingine bila makubaliano ya nchi hizo. Orodha ya Kenya, kwa mfano, ina nchi chache kama Uingereza, Uganda, Tanzania na Zambia. China haimo. Tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa wasuluhishi badala ya mahakama, inasafiri mbali zaidi. Mkataba wa New York wa 1958 unazibana nchi zaidi ya 170 kuitambua na kuitekeleza tuzo iliyotolewa nchi nyingine. Tanzania imo tangu 1964, Kenya tangu 1989, na China imo pia. Ukishinda kwa usuluhishi, unaipeleka tuzo kwenye mahakama ya huko aliko mdaiwa, na sababu za kuikataa ni chache.

Kifungu kisiwe kirefu. Chukua mfano huu, uutafsiri kwa lugha ya mkataba:

*"Mgogoro wowote unaotokana na mkataba huu au unaouhusu, ukiwamo wa uhalali wake, utaamuliwa kwa usuluhishi chini ya kanuni za [kituo]. Makao ya usuluhishi ni [mji]. Msuluhishi ni mmoja. Lugha ni Kiingereza."*

Kituo kiwe kinachojulikana. Nairobi kuna NCIA, Kigali kuna KIAC, na kwa Wachina kuna CIETAC. Usikubali kifungu kinachosema "usuluhishi au mahakama", maana mtatumia mwaka mzima mkibishana mlango wa kuingilia.

Hatua ya 4: Hatari ya mzigo inahama lini?

Maneno FOB (kukabidhi mzigo ndani ya meli), CIF (bei yenye bima na nauli ya meli) na wenzake yanatoka katika Incoterms, kanuni za Chama cha Biashara cha Kimataifa (ICC) cha Paris, zilizotolewa mara ya kwanza 1936. Za sasa ni za 2020 na ziko 11. Andika na mwaka: "FCA Dar es Salaam, Incoterms 2020". Kanuni hizi zinasema nani analipia nini na hasara inahamia kwa nani wapi. Hazisemi lini umiliki unahama, na hazisemi bei ya mzigo italipwa lini na vipi. Hayo uyaandike wewe.

Wauzaji wengi wa mazao yanayopakiwa kwenye makontena wanaandika FOB kwa mazoea. Chini ya FOB, hatari inabaki kwako mpaka mzigo uwe ndani ya meli. Lakini kontena lako ulilikabidhi bandari kavu siku kadhaa kabla, na huna tena mkono juu yake. Likidondoshwa au kulowa hapo katikati, hasara ni yako. FCA inaihamisha hatari pale unapomkabidhi msafirishaji wa mnunuzi, na Incoterms 2020 zinaruhusu mkubaliane kwamba mnunuzi amwelekeze msafirishaji huyo akupe BL (hati ya msafirishaji ya kupokea mzigo) yenye alama ya "umepakiwa melini", ile ambayo benki huitaka.

Ukiuza kwa CIF, bima unayowajibika kuikata ni ya kiwango cha chini, kwa asilimia 110 ya bei. CIP (mwenzake CIF, kwa usafiri wa aina yoyote) inataka bima pana zaidi, kwa hiyo iingize kwenye hesabu yako kabla ya kutaja bei.

Hatua ya 5: Malipo yafunge na nyaraka

BL halisi ndiyo ufunguo wa mzigo. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu, na kwa BL ya kuhamishika, aliye nayo ndiye anayekabidhiwa mzigo. Mkikubaliana asilimia 30 mbele kwa TT (uhamisho wa hela kupitia benki) na 70 baada ya kuona nakala ya BL, mtumie skani tu. Halisi zikae kwako mpaka benki yako, siyo picha ya risiti aliyokutumia, ikuthibitishie kwamba hela imeingia. Wala usimruhusu wakala wa meli kuuachia mzigo kwa telex, yaani bila BL halisi, kabla ya hapo.

Kwa mnunuzi mgeni, LC (ahadi ya benki kukulipa ukileta nyaraka zilizotakiwa) ni salama zaidi. Inaendeshwa kwa kanuni za ICC ziitwazo UCP 600, zilizoanza kutumika Julai 2007. Benki inaangalia nyaraka, haiangalii ufuta. Ina siku tano za kazi kuzikagua. Wewe una siku 21 tangu mzigo upakiwe kuziwasilisha, na LC iwe haijaisha muda wake. Takwimu za ankara, BL, cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili na cheti cha ufukizaji zisipingane.

Jambo dogo linaloumiza: UCP inaruhusu uzito kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, mradi fedha unazodai zisizidi kiwango cha LC. Nafuu hiyo haipo kama LC imetaja idadi ya magunia. Kontena la tani 19 likiandikwa "magunia 380 ya kilo 50", basi ni 380. Omba liandikwe kwa tani.

Hatua ya 6: Linganisha mikataba yako miwili

Ufuta umeununua kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kwenye mnada wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania), kutoka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Huo ni mkataba wa ndani na unafuata sheria ya ndani. Ule wa Qingdao ni mwingine. Kama ghalani ulipokea ufuta wa usafi fulani, na nje umeahidi usafi wa juu zaidi, tofauti hiyo ni jukumu lako peke yako, na hakuna kifungu cha kuirudisha kwa mkulima. Kwa hiyo soma vipimo vya ghalani kwanza, ndipo uahidi. Taja kampuni ya ukaguzi kwa jina, na useme cheti chake cha wakati wa kupakia ndicho cha mwisho kuhusu ubora. Mnunuzi atapenda kiwe cha wakati wa kupakua. Hapo bishaneni mapema, kwa bei.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Kampala: Mwalimu, asante sana. Nauza kahawa kwa Mjerumani. Mkataba wetu ni ukurasa mmoja, hauna neno lolote la sheria. Niko wapi?

*Jibu:* Uko chini ya CISG, ndugu yangu. Uganda na Ujerumani zote zimo, na hamkuitoa. Masuala ambayo CISG haiyagusi, kama uhalali wa mkataba wenyewe na umiliki wa bidhaa, yatatafutiwa sheria ya nchi. Kinachokupungukia zaidi ni mahali pa kushtakiana. Ongezeni kifungu cha usuluhishi kwa barua pepe leo, mkiwa bado mnaelewana.

Dada wa Kariakoo: Shikamoo mwalimu. Mimi naagiza nguo Guangzhou na kila kitu tunaongea WeChat na WhatsApp. Je, huo ni mkataba?

*Jibu:* Marahaba, dada. Ndiyo, ni mkataba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua mkataba uliofanyika kwa njia hiyo. Kazi iko kwenye ushahidi: nani aliyekuwa anaandika upande wa pili, na kwa niaba ya kampuni gani? Mkimaliza kukubaliana, tuma ujumbe mmoja wenye yote, yaani jina kamili la kampuni, aina, idadi, bei, tarehe, Incoterm na sheria, kisha mwombe ajibu kwamba amekubali. Hifadhi simu na mazungumzo yote, picha za skrini peke yake zinabishika kirahisi.

Mfanyabiashara wa Lubumbashi: Naleta mahindi kutoka Zambia. Mwenzangu anasema sheria ni ya OHADA kwa sababu niko Kongo. Ni kweli?

*Jibu:* Kongo iko OHADA (jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara) tangu 2012, hilo ni kweli. Lakini Kongo imo pia kwenye CISG, iliyoanza kuifunga 2015, na Zambia imo tangu mwanzo. Kwa mauzo kati ya nchi hizo mbili, CISG ndiyo inayotangulia kama hamkuitoa. Tena angalia lugha: mkataba wa Kifaransa na Kiingereza useme ni maandishi yapi yatashinda yakitofautiana.

Mkulima wa Nachingwea: Mkuu, kontena letu lilifika limelowa. Tumdai nani, na tuna muda gani?

*Jibu:* Kwanza tazama Incoterm: hatari ilikuwa kwa nani maji yalipoingia? Ikiwa ilikuwa kwenu, mna madai dhidi ya bima na dhidi ya mwenye meli. Tanzania ni mwanachama wa Kanuni za Hamburg za 1978, zinazotoa miaka miwili ya kumshtaki msafirishaji. Lakini BL nyingi zinaelekeza mahakama za nje zenye kanuni za zamani za Hague, ambazo zinatoa mwaka mmoja tu. Hesabuni mwaka mmoja tangu siku ya kupokelewa mzigo. Taarifa ya maandishi ya uharibifu itolewe na mpokeaji mara moja, mkaguzi aitwe kabla magunia hayajahamishwa, na namba ya lakiri iliyokutwa mlangoni ilinganishwe na ile iliyoandikwa kwenye BL.